Hasi ya Kulinganishia

Uliastai, Januari. Nje nyuzi arobaini chini ya sifuri,
mate huganda kabla hayajagusa ardhi.
Ndani jiko la makaa, friji moja,
na mimi, Dolgorsuren, mwenye funguo zote mbili.

Miaka kumi na mmoja nilipima kwa ukanda wa karatasi:
tone la damu, dakika kumi na tano, ukodoe macho.
Mstari mmoja, nenda ukachunge.
Miwili, kaa hapa, tuzungumze habari za ini.
Na kila boksi jipya nililijaribu kwanza
kwa damu niliyoiamini: yangu.
Mstari mmoja. Siku zote mmoja.
Mimi ndimi niliyekuwa hasi ya mkoa mzima.

Msimu huu gari la mji mkuu likaleta mashine
na kisahani cha visima tisini na sita,
vidogo kama kucha za mtoto.
Elisa, wanaiita. Mzee Batkhuyag akadhani ni mgeni,
akachemsha chai ya maziwa na chumvi.
Elisa hana haraka. Husubiriwa, huoshwa,
husubiriwa, huoshwa tena,
kisha hutiwa rangi, na rangi haina haya:
maji matupu, salama. Manjano, ugonjwa.

Kisima cha kwanza, changu.

Si manjano ya kiini cha yai.
Ya theluji aliyoikojolea mbwa jana.
Nikasema nimeosha vibaya.
Nikarudia. Nikarudia.

Kichupa kikaenda Ulaanbaatar kwa basi, usiku na mchana.
Kule hawatazami nyayo za mwizi,
wanawahesabu wezi wenyewe, kichwa kwa kichwa.
Jibu likaja kwa simu:
"Mia tatu na kumi kwa mililita. Ni wachache, dada."
Wachache. Kama mbwa mwitu wachache zizini.

Siulaumu ukanda. Ulisema ulichokiona.
Una macho mafupi,
nami nilipenda jibu lake.

Wala si ini langu linaloninyima usingizi.
Ni daftari. Majina elfu mbili mia nne na sita,
na mbele ya mengi, kwa wino wa bluu,
kwa mwandiko wangu mzuri: hana.

Ukurasa wa kwanza. Nyamtseren, mwenye ngamia wawili.
Simu inaita, inaita.
"Nani?"
"Wa maabara. Yule niliyekwambia
nenda ukachunge."