Mtikisiko

Kanda ilikaa miaka thelathini na moja kwenye dari la jikoni,
ndani ya kopo la biskuti, kati ya risiti za chama cha kahawa
na cheti changu cha kipaimara.
Mama alisema iacheni huko, panya hawafiki.
Panya hawakufika.
Ukungu ulifika.

Fundi Mbwambo ana chumba kimoja nyuma ya duka la pembejeo,
hatua chache kutoka soko la Kiusa.
Anaifungua kanda kwa bisibisi ndogo, anainusa.
"Ukungu wa Machame huu, naujua.
Kwetu Same kanda zinakufa kwa vumbi."
Anachovya pamba kwenye spiriti,
anaufuta utepe inchi kwa inchi,
kama anayemsafisha mtoto masikio.

Mimi nashughulika na picha.
Nazilaza kifudifudi juu ya kioo,
mwanga unapita chini yake taratibu
kama mtu anayetafuta ufunguo aliouangusha gizani.
Namba moja: Ndeenengo na gunia la kahawa.
Namba mbili: mbuzi. Mama analikumbuka jina lake,
la mtoto aliyemshika halikumbuki.
Namba tisa: harusi ya shangazi Elifuraha,
bwana harusi alikatwa kwa mkasi,
suti imebaki, kichwa ni tundu.
Kompyuta inauliza kama ijaze.
Ijaze na nani?

Naipitisha na migongo ya picha,
kwa sababu huko ndiko uliko mwandiko wa baba:
*Mvua kubwa. Daraja limeondoka. Sisi wazima.*
Ukigeuza, unaona watoto wawili na ndoo,
basi.

Kaka ananiandikia kutoka Geita: tuma zote kwenye grupu leo leo.
Namjibu: umeme umekatika, tumefika asilimia sitini na mbili.
Ananitumia kidole gumba.

Saa tisa alasiri kioo kinawaka buluu,
kinakwaruza, kisha majani.
Majani ya kihamba chetu, Desemba ishirini na sita,
kijani kilichochuja mpaka kikafanana na chai ya maziwa.
Babu anapita na koti lake la jeshi.
Mama anatoka jikoni, gauni la njano, kiuno chembamba,
anainyooshea kamera kidole:
"Zima hiyo, nina masizi usoni!"
Mama huyu wa leo, kwenye kiti cha plastiki,
anajifuta shavu.

Ila baba hayupo.
Dakika arobaini na tatu, baba hayupo.
Kamera aliiazima usharikani kwa siku moja
na siku nzima hakumpa mtu mwingine aishike.
Kuna kikohozi chake. Kuna ncha ya kidole chake kwenye kona.
Mara moja tu kuna kivuli, kirefu,
kimelala juu ya chanja la kahawa,
kimeota kichuguu begani.

Halafu shangazi Elifuraha anateleza kwenye tope,
anakwenda chini mzima mzima, miguu juu,
kibuyu cha mbege kimeinuliwa mkononi,
hakimwagi hata tone.
Hapo picha inaanza kutetemeka.
Migomba inatetemeka, babu anatetemeka,
Kibo yenyewe, nyuma kule, inarukaruka.

"Hapa nitatuliza," anasema Mbwambo.
"Kuna kitufe chake. Itatulia kama maji ya mtungi."

Mama, ambaye tangu asubuhi alikuwa anataja majina tu,
anamshika fundi mkono.
"Usiguse. Hapo anacheka."

Nilikuwa nimesahau.
Baba alicheka bila sauti. Mabega tu.

Tunarudisha nyuma. Shangazi anainuka, anaanguka,
mlima unaruka.
Tunarudisha tena.
Mara ya nne Mbwambo naye anatetemeka,
bisibisi inamdondoka.

Anauliza faili liitweje.
Mama anatafuta miwani ambayo anayo kichwani,
anasema, andika tarehe, inatosha.
Kisha anafungua kitambaa chake chenye fundo
na kuuliza bei.