Doa

Jashimu fundi anafunga duka saa tano za usiku, soko la Sib,
na mfuko wake wa taka unatoka kabla yake:
vipande vya kanzu, kwapa, mikunjo,
kona zilizokosa mtu.
"Mama, hii takataka," ananiambia
kwa Kiarabu chake cha kuungaunga.
Naweka baiza mia juu ya cherehani.
Anairudisha. Naiweka tena.
Mwisho anaichukua, ananiongeza gunia la pili.

Doa lilianza kiangazi cha mwaka juzi,
juu ya kochi, pale bomba la kiyoyozi linapokojolea ukuta.
Kwanza lilikuwa sarafu. Halafu sahani.
Sasa ni nchi kamili, ina ghuba na rasi,
na kila nikipaka rangi linahama hatua mbili, linaota upya.
Mwenye nyumba anasema inshallah.
Mkataba wake unasema: marufuku msumari.

Na Alhamisi wanakuja watu wa Barka kumposa Shinuna.

Aibu ya maiti aijuaye muosha;
ya ukuta, anayelala akiutazama.

Nimekaa chini, nimezungukwa na weupe.
Sikujua kwamba weupe nao una koo:
upo wa maziwa, wa chokaa, wa mfupa,
upo wa jino la mnywa kahawa,
upo wenye buluu ya mbali kama jicho la mtoto mchanga.
Nikivipanga vipande ubavu kwa ubavu, vinagombana.
Nikivipitishia uzi mweusi wa mabuibui, vinanyamaza.
Vingine vina maandishi ya Jashimu kwa penseli:
58. Bega 19. Haraka, Idi.
Siyafuti.

Vishada vya shingoni vilivyoharibika,
vile wanaume huvitia mafuta ya udi,
navishona kwenye pindo, thelathini na saba.
Lakini kiyoyozi kinavuma, pindo linapepea,
na nchi ile inachungulia.
Basi natoboa kokwa za tende kwa mashine ya mwanangu
(vumbi lake lanuka kahawa iliyoungua),
nazining'iniza chini ziwe uzito.
Mpini wa ufagio uliovunjika unapita juu:
kichwa kimelala kwenye reli ya pazia,
miguu kwenye kabati la vyombo.
Msumari hakuna. Mwenye nyumba, furahi.

Gharama: baiza mia, na kidole kimoja.

Wakaja. Wanaume wakaingia majlisi, wanawake kwetu.
Mama wa kijana, Bi Ghaniya,
dhahabu mpaka mkono unachelewa kuinuka.
Halwa ikazunguka, kahawa ikazunguka.
Macho yake yalikuwa ukutani.
"Umenunua Dubai?"
Ulimi wangu ulikwisha kujipanga kusema ndiyo.
"Kwa Jashimu," nikasema. "Takataka zake."
Akasimama. Akapitisha kidole juu ya penseli,
akasoma *Haraka, Idi*, akacheka peke yake.
Kisha, nilimwona, sikuwahi kumzuia,
akainua pindo.

Kokwa zikagongana.
Doa likatutazama sote.

Shinuna akazamisha macho katika kikombe.
Wifi yangu akakohoa kikohozi cha mikutano.
Bi Ghaniya akalitazama doa
kama mtu aliyekutana na ndugu kiwanja cha ndege.
"La kwenu dogo," akasema.
"La kwetu tumelisukumia friji.
Kila mgeni huuliza, mbona friji sebuleni?"

Sasa inakaribia saa nne. Ng'ambo ya mlango
wanaume wamefika kwenye mahari,
sauti zinapanda, zinashuka.
Sisi tuko chini kwenye busati, gunia la pili liko wazi.
Amevua bangili, ameziweka katika sahani tupu ya halwa.
Anashona ovyo, mishono mirefu kama ya mtu mwenye safari.
Nataka kumwambia afumue.
"Lenu lina upana gani?" namuuliza.

Anafikiri. Anapanua mikono yote miwili,
halafu, taratibu, anasogea hatua moja pembeni.