Mgao wa Ukimya

Nilikaa dawati la nyuma, kando ya bomba la joto
linalokohoa kama mvuta tumbaku,
mkononi saa ya kupimia mbio.
Hakuna aliyekimbia. Nilipima ukimya:
kutoka neno la mwisho la swali
mpaka mwalimu achoke kungoja.

Jelšovka, Slovakia ya mashariki, Januari.
Darasa la nne, watoto ishirini na watatu.
Kumi na mmoja hutoka ng'ambo ya kijito,
kwenye mabanda ya Waroma yasiyo na bomba la maji,
nao huingia na tope la njia
ambayo halmashauri imeahidi kuitia lami
tangu mama zao wakikalia madawati haya haya.

Mwalimu Iveta si mtu mbaya. Niliseme hilo mapema,
kwa sababu jedwali langu halina safu ya kuliandika.
Hununua mkate kwa mshahara wake, akaukata,
akauweka dirishani bila kuuliza nani hakunywa chai.

"Saba mara nane, Kristína?"
Kristína akatazama dari. Akatafuna ncha ya nywele.
Moja, mbili, tatu, nne,
mwalimu akitabasamu
kama anayelinda maziwa yasifurike.
"Hamsini na sita."

"Sita mara tisa, Rasťo?"
Rasťo akafungua kinywa.
Sekunde haikutimia.
"Nani amsaidie?"
Mikono ikachipuka kama uyoga.
Akakifunga.

Siku kumi na nne, maswali mia sita na kumi na mawili.
Wa upande huu wa kijito: sekunde nne na robo.
Wa ng'ambo: moja kasoro.
Tunasema subira huvuta heri.
Hatusemi kwamba subira nayo ina mgao,
kama maji wakati wa ukame,
na zipo nyumba ambazo bomba lao halifunguliwi.

Ukutani, pembeni ya ratiba ya supu,
umebandikwa waraka wa wizara:
kila mtoto apewe fursa sawa. Muhuri. Sahihi.
Mkaguzi akija huhesabu madawati, vitabu, vyoo.
Vyote sawa. Naapa, vyote sawa.

Nilimpa Iveta zile namba akiwa amevaa koti tayari.
Akazisoma amesimama. Akazisoma tena ameketi.
"Nilimwonea huruma," akasema.
"Sikutaka abaki pale, wote wakimtazama."
Nikaandika: huruma.
Nikafuta. Haina kipimo.

Usiku ule nikasikiliza kanda za mahojiano yangu.
Sauti yangu, laini, ya mtu aliyesoma:
"Na wewe Žaneta, ukikua ungependa kuwa nani?"
Pumzi ya mtoto ikivutwa ndani. Kisha mimi tena:
"Mpishi, labda?"

Sikuhitaji saa.

Katika ripoti nililiweka ukurasa wa arobaini na moja,
chini ya mstari, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi:
*kasoro za mtafiti.*

Nilirudi Machi. Theluji imeoza kandokando ya uzio.
Iveta aliuliza mkono ukiwa mfukoni mwa aproni,
na niliona kitambaa kikitikisika: anahesabu kwa vidole.
"Tisa mara saba, Rasťo?"
Mikono ikachipuka. Hakuitazama.
Ikachoka, ikashuka, mmoja mmoja.
Bomba likakohoa.
Kristína akageuka kumwangalia
kana kwamba hakujua kwamba Rasťo ana uso.
Rasťo naye akaangalia mlango, dirisha, viatu vyake,
kote ambako swali lilikuwa likimkimbilia zamani,
na safari hii halikuondoka.

"Sitini na nne."

Amekosa kwa moja.
Iveta hakuuliza nani amsaidie.
Akaketi ukingoni mwa meza, miguu ikining'inia,
kama mtu asiye na pa kwenda hadi jioni.
"Umefikaje hapo?" akamuuliza.

Nami kule nyuma, kidole juu ya kitufe,
nilisahau kubonyeza.