Kabla ya Kufungua Njia

Miaka thelathini na mmoja nimetembea reli kwa mguu,
kipande chetu cha Usoke, kwenda na kurudi,
nyundo begani,
nikigonga viungo kimoja baada ya kingine
na kusikiliza.
Chuma kizima hulia ngaa.
Kilichochoka hukohoa.

Leo ni zamu yangu kugongwa.

Nimelala ubavu juu ya meza ya baridi, hapa Tabora mjini,
gauni la kijani limefungwa nyuma kwa kamba mbili
ambazo haziaminiki.
Aliyevaa glavu ni Nyamizi, binti wa marehemu Kasubi,
niliyemwona akicheza rede pale Isevya,
magoti yamejaa vumbi.
“Samahani, baba. Kidogo tu.”
Mrija unaingia kwa nyuma.
Mimi, nisiyevua shati mbele ya wanangu,
nakodolea kalenda ya kampuni ya tumbaku:
mwezi wake ulikwisha zamani, hakuna aliyefunua.

Kule Mwanza walinikata saratani na shubiri nzima ya utumbo,
wakazishona ncha mbili,
na ili kiungo kipoe
wakachepusha njia, wakanitobolea tundu ubavu wa kulia.
Tangu Machi mizigo yote inashukia stesheni hiyo ndogo
isiyo na mkuu wala kengele.
Mfuko hauna adabu. Hunguruma kanisani,
wakati wa kimya, tena kimya cha maombi ya wafu.
Matobolwa nikiyala yanashuka kama yalivyopanda.
Milembe ameushonea ala ya kitenge, maua ya manjano,
akasema, “Basi angalau upendeze.”

Dawa inapanda. Naiona kwenye kioo,
nyeupe, inapinda, inasita,
inafika pale:
duara la pini ndogo za chuma, ndani yangu mimi,
bolti zangu.
“Geuka, baba. Vuta pumzi. Ishike.”
Naishika.
Kisha Nyamizi ananyamaza,
na ukimya ule masikio yangu yanaujua:
ni wa mtu aliyegonga mara ya pili.

Akaitwa Daktari Bihemo. Akainama, akavua miwani, akaivaa.
“Hapa, mzee. Nyuma ya duara.”
Mstari mwembamba kama uzi wa buibui,
dawa imetoka nje ya njia,
haifiki hata ukucha.
“Hatufungi bado. Rudi baada ya wiki nane, tupige tena.”

Nilikwisha mwambia Milembe mifuko iliyobaki
tumpe yule kijana wa Sikonge.

Nilitaka kukasirika. Nilikuwa na haki.
Lakini nikaukumbuka mwaka wa mvua za elinino,
saa tisa ya usiku, mimi na bendera nyekundu na taa ya chemli,
treni ya abiria imesimama porini saa sita nzima
kwa sababu yangu.
Walinitukana kwa Kinyamwezi, kwa Kiha, kwa lugha nisizozijua.
Mama mmoja mwenye kuku akanitemea mate.
Mnyapara akauliza, ufa wenyewe uko wapi?
Nikamwonyesha kwa ncha ya ukucha.
Hakuna aliyenishukuru.
Treni isiyoanguka haina habari.

Nyamizi ananipangusa, hanitazami usoni.
“Pole, baba.”
“Usiseme pole,” nikamwambia. “Umegonga vizuri.”
Sauti yangu ikakohoa katikati. Chuma kilichochoka.

Nje, kwenye benchi, Milembe hakuuliza.
Alitazama jinsi ninavyofunga mkanda
akajua.
Tulipofika tambukareli ndipo akasema:
“Wiki nane ni mifuko mingapi?”
“Kumi na sita. Tukibana.”
“Kumi na nane,” akasema. “Wewe jasho lako
hubandua kila kitu.”