Kisanduku cha Saba

Ijumaa, baada ya sala, nyumbani kwa shangazi Thuwaiba, Ibra,
sinia la wali wa nazi katikati, papa mkavu pembeni,
kikaletwa kiti cha jaji
ingawa sisi tunakula chini.

Kiti kimoja kiko wazi mahakama ya juu.
Kazini nakichapa kwa Kiarabu,
nyumbani tunakigombania kwa Kiswahili.

Binamu Suud, wakili, kucha safi, hoja safi:
"Miaka thelathini mwachota kwa ndoo ileile,
kisha mwashangaa maji yana ladha ya kutu.
Leteni mtu wa nje!"
Na mume wa shangazi, kinywa kimejaa:
"Jino likikuuma utamwita seremala
kwa kuwa naye ana koleo?"

Wakacheka. Mimi nikaomba pilipili.
Karani ni kama feni,
hujulikana yupo siku akizimika.

Wangeniuliza, ningemtaja Sheikh Hamdun,
aliyeingia mahakamani ndevu hazijatimu
akatoka kwa kiti cha magurudumu.
Sheria zilimkaa kichwani kama tende guniani,
zimeshikana, haidondoki hata moja.
Akaletewa shauri la falaji:
Bi Ghaniya, mjane, na shemeji yake
aliyembadilishia zamu ya maji.
Sheikh akasoma, akavua miwani, akasoma tena.
Nusu saa kwa nusu saa. Hakuna aliyepunjwa.
Muhuri.

Nusu saa ya shemeji ni ya alasiri,
kahawa mkononi, kijana anafungulia mfereji.
Ya Ghaniya ni saa tisa za usiku,
tochi kaing'ata kwa meno, jembe begani,
pindo la kanzu limelowa,
anapapasa tambara la kuzibia tundu
na mbwa wa jirani hamjui.
Yote hayo hayakuwemo.
Faili halina giza.

Ningemtaja na Profesa Azzan,
tuliyeazimwa na chuo kikuu mwaka mmoja,
shauri lilipofufuliwa likaangukia kwake.
Huyo aliuliza: "Mama, kutoka mlangoni hadi mferejini ni hatua ngapi?"
Miaka yangu yote pale
sijasikia hatua zikiulizwa.
Usiku akaenda mwenyewe, viatu mkononi, akahesabu.
Mia tatu na kumi na nne, na ngazi mbili mbovu.
Akampa Ghaniya alasiri yake.
Ghaniya alilia mpaka mlinzi akamletea kiti.

Lakini Profesa alikwenda peke yake.
Hakumwita shemeji naye aje aone.
Mwanafunzi wa mwezi mmoja pale kwetu angemshika mkono.
Mahakama ya juu ikaifuta hukumu kwa mistari minne.
Mistari hiyo niliichapa mimi.
Ghaniya akarudi dirishani kukata tiketi:
namba sabini na mbili.

Basi niwaambie nini, Suud, na wewe mume wa shangazi?
Nikala papa.

Jumapili nikaletewa fomu ya waombaji niipange.
Kisanduku cha sita: miaka ya kuhukumu.
Kipana, unaweza kulaza mtoto.
Cha saba: kazi nyingine uliyowahi kufanya.
Nusu mstari.
"Kibane hicho," akasema mkuu wangu,
"ukurasa usizidi mmoja."

Akaenda kunywa chai.
Nikapunguza pambizo, nikaisogeza nembo juu,
nikaminya herufi za maelezo
ambayo hata hivyo hayasomwi,
nikakipa cha saba mistari mitatu.
Alirudi, akatia saini, hakuona.

Mitatu inamtosha mtu kuandika
kwamba aliwahi kushika tochi kwa meno.
Kama anajua pia kumwita shemeji,
hilo ni la kisanduku cha sita,
nacho sikukigusa.

Printa ikakwama kwenye nakala ya tisa.
Nikaifungua, nikavuta karatasi taratibu,
isichanike.