Shule ya Kutwa

Fomu ina kurasa tisa.
Imelala mezani tangu Jumatatu,
na pembeni ina duara la chai ya maziwa
ambalo hakuna anayekiri kuliweka.

Jina la mtoto: Anujin.
Umri: miaka sita, na meno mawili yameng'oka.
Hilo la meno nimelifuta.
Kazi ya baba: fundi wa lifti.
Dini ya familia:
hapo kalamu ikasita
kama lifti inayokwama katikati ya ghorofa,
mlango ukifunguka unaona ukuta.

Sarnai husali Jumapili
katika jumba lililokuwa sinema.
Mama yangu huinyunyizia mbingu maziwa kila alfajiri
kutoka roshani yetu ya ghorofa ya nane,
na jirani wa saba hulalamikia madirisha yake.
Mimi Jumapili hulala.
Niandike nini, na mstari wenyewe mfupi hivi?

Tulikwenda kuiona shule mwezi wa pili,
moshi wa makaa umeiinamia Ulaanbaatar
kama mgonjwa juu ya beseni.
Bi. Haugen, mkuu wa shule, alitutembeza:
maktaba, maabara, piano mbili, moja mbovu.
"Tunangoja fundi," akasema, akanitazama.
Mimi ni wa lifti, nikamjibu.
Sarnai aliuliza juu ya hesabu na mitihani.
Mama aliuliza kama watoto hupewa nyama.
Hupewa.
Mimi nilisimama mbele ya sanduku la vilivyopotea:
glavu kumi na moja, hakuna yenye mwenzake,
kila moja imebandikwa kikaratasi,
"Nimeokotwa karibu na ngazi. Nitafute."
Kuna mtu aliyeketi, akakata vikaratasi kumi na kimoja.

Ada tuliipigia hesabu usiku, kwa lifti:
lifti mia mbili na ushei kwa mwaka,
gari liuzwe,
jino la Sarnai lingoje.
Shemeji Tömör akacheka hadi akakohoa:
"Shule ya serikali iko ng'ambo ya barabara.
Mnalipa mamilioni ili mtoto aje awasahihishe matamshi?"
Mama hakucheka.
"Atamwita Mungu kwa lugha nisiyoijua," alisema.
"Nitajuaje kama ananiombea mimi?"
Sikuwa na jibu. Sina hadi leo.

Mimi nilipelekwa bweni na miaka saba.
Baba alinishusha kwenye pikipiki,
akanikabidhi blanketi na mfuko wa jibini kavu,
akaondoka bila kugeuka.
Wanasema aligeuka,
ng'ambo ya kilima, nisipoweza kumwona.
Vitanda ishirini na vinne.
Tulilia kwa zamu, kana kwamba tumepangiwa,
na asubuhi hakuna aliyemuuliza mwenzake.
Nilijifunza kusoma vizuri sana.
Nilijifunza pia kutomngoja mtu.

Basi jalada la shule linasema:
binafsi, ya kimataifa, ya Kikristo, ya kutwa.
Maneno matatu ya kwanza yamegombaniwa humu ndani
mpaka supu imepoa mara mbili.
La nne hakuna aliyeligusa,
nikalichukua mimi,
kama mtu aokotaye sarafu chini ya meza ya wanaobishana.
Kutwa.
Mchana kutwa wamchukue wao,
wamfundishe nyota kwa Kiingereza, na zaburi, na kuogelea.
Usiku kucha ni wetu.
Saa kumi na nusu basi litasimama mbele ya jengo,
atashuka na glavu moja,
na lifti itakuwa chini, inamngoja;
hiyo naitengeneza mwenyewe, bure,
hata usiku wa manane.

Mstari wa dini nimeuacha wazi.
Bi. Haugen atauliza.
Nitamwambia tuko wengi,
na kwamba doa lile la chai
pengine ni jibu la mama.