Saa Mbili

Kwetu Al-Khudh tumelelewa na saa mbili.
Mama, Mngwana wa Unguja hata baada ya miaka arubaini ya Maskati,
huanza kuhesabu jua linapochomoza.
Baba huanza usiku wa manane.
Mama akisema "saa mbili usiku", baba hunyoosha vidole vinane,
na mgeni wa Jumatano huja asubuhi ya Alhamisi,
lakini hakuna aliyewahi kumwita mwenzake mwongo.

Hilo nililisahau kule Rusayl.

Chumba cha seva, baridi ya kutia ganzi meno;
nje lami ya Julai inang'ang'ania viatu.
Mimi na sweta, na karak iliyokwisha kupoa,
nasoma daftari la mashine lisilopepesa:
nani kaingia, nani katoka, nani kagusa faili gani.
Tukio haliji zima. Huja vipande:
jina, njia, ruhusa,
kisha kijipande cha kusema, basi, nimekwisha.
Vikitawanyika, chombo changu huvingoja.
Dakika tano.
Kanuni hiyo niliiandika kwa mkono wangu:
kitakachokawia zaidi, kitupwe.
Biju aliniuliza, "Kwa nini tano?"
Nikamwambia diski si pango.
Ukweli, nilipenda ukurasa uliofungwa.

Usiku ule vumbi lilikata mawasiliano ya Haima.
Mashine ya kule haikunyamaza, iliandika tu,
ikapanga foleni gizani, namba kwa namba,
kama mtu anayeandika barua posta imefungwa.
Saa mbili na dakika kumi na saba, huku kwetu,
hesabu za dizeli zikafutwa
kwa akaunti ya pamoja, isiyo na uso.
Nikatazama nani yumo ndani.
Muhenna bin Saif, wa Haima: kaingia.
Kutoka, hakuna.

Alinipigia mwenyewe. "Ghaniya, nilitoka saa mbili na dakika nne.
Nilizima taa. Nilimwaga maji ya birika."
Nikasema daftari halioni hivyo.
Nikatia sahihi.

Saa tatu kasorobo mnara ukapata pumzi
na foleni yote ikamiminika.
Humo mstari mmoja: Muhenna, katoka, dakika nne.
Umekawia dakika arubaini na moja.
Chombo changu kikafanya nilichokifunza.

Wiki sita. Haikuwa mimi niliyeupata;
ni Biju, akipekua nakala ghafi kwa shida nyingine,
akageuza kioo chake kunielekea
bila kusema neno, na akaenda kuvuta sigara.

Bibi alikuwa akisema kawia ufike.
Hakusema mlangoni akae nani.

Sasa kila tukio lina nyakati mbili, bega kwa bega:
lilipotokea, lilipofika.
Kilichochelewa sikitupi, nakitia alama,
na ripoti iliyokwisha kufungwa hufunguka tena,
ikavimba, ikawa chafu, wakubwa wakalalamika.
Namba za mfululizo nazihesabu:
zikiruka kutoka sabini hadi sabini na tatu,
siandiki "hakuna", naandika "bado".
Neno dogo. Wakaguzi hawalipendi.

Nilikwenda kwa Muhenna Ijumaa, baada ya sala.
Ana duka la vipuri vya viyoyozi huko Adam,
mikono imejaa grisi, mtoto wake anapanga feni kwa ukubwa.
Nilichapa mstari ule kwenye karatasi.
Akausoma. Akanitilia kahawa, akanisogezea tende,
kwa adabu ile inayoumiza.
"Huu ulichelewa kwa vumbi," akasema.
"Wangu nilikwambia usiku uleule."

Nikatafuta pa kuiandika hiyo.
Kwa saa ya nani.

Mtoto akauliza bei ya feni ya tatu
na mteja akaingia.